Nyama ikishasagwa na kupikwa, DNA bado inaonekana?
Kaka, umeuliza kama moto unaua ushahidi wa nyama ni ya mnyama gani. Hauui. Unaikatakata DNA (vinasaba vya mnyama), ila vipande vifupi hubaki, na kipimo cha PCR kinahitaji hivyo vifupi tu: kinavirudufu mara mamilioni mpaka vionekane. Mara nyingi hulengwa DNA ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kwa kuwa kila seli ina nakala zake mamia hata maelfu.

Ndivyo wakaguzi wa chakula wa Ayalandi walivyoumbua wauza baga Januari 2013: katika baga 27 za ng'ombe walizopima, 10 zilikuwa na DNA ya farasi, 23 ya nguruwe. Lakini angalia kiasi. Baga moja farasi alifika asilimia 29 ukilinganisha na ng'ombe, na hiyo huwezi kuiita bahati mbaya. Zile nyingine tisa zilikuwa na chembe tu za farasi, na chembe inaweza kutoka kwenye mashine ya kusagia isiyooshwa vizuri. Kwa hiyo maabara ikisema "ipo", uliza "kiasi gani?" kabla hujamwita mtu mwizi.

Halafu kibudu, kama ndicho unachoogopa buchani kwenu, DNA haikusaidii. Itakwambia ni ng'ombe, basi.