Hasira ya mezani usiipeleke jikoni

Kazi ya mkahawa hapa Mombasa ina siku zake za kiama. Kuna Ijumaa baada ya swala, mji mzima unapotaka biriani kwa wakati mmoja. Kuna Desemba, wageni wa bara wakishuka na treni na mabasi. Na kuna Ramadhani: mchana jiko kimya, magharibi watu wanamiminika, na mhudumu aliyefunga anafuturu kwa tende na maji akiwa wima. Nimehudumu meza, nimekaa kaunta, sasa nasimamia shifti. Vijana wanaoanza huniuliza, "Kaka, hawa wateja unawaweza vipi?"

Wateja si tatizo kubwa. Mteja mkali anakula, analipa, anakwenda zake. Kinachommaliza mhudumu ni ugomvi wa dirisha la jikoni, kwa sababu yule mpishi utakuwa naye kesho, na keshokutwa.

Tazama ugomvi huo unavyoanza. Mteja anauliza, "Kijana, huyo samaki ndio kwanza anavuliwa?" Meza nzima inacheka, nawe unajichekesha. Ukifika dirishani unamtupia mpishi maneno kwa sauti ile ile uliyotupiwa. Mwenzako naye ana masufuria manne motoni, joto la Februari, na feni inayozungusha moshi tu. Anakujibu kwa kuibamiza sahani. Kuanzia hapo oda zako ndizo zinazotoka mwisho, mteja anazidi kufura, nawe unazidi kufoka.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: dirishani taja meza, chakula na muda aliokaa mteja. "Sita, samaki wa kupaka, robo saa." Basi. Ukiwa na lako moyoni, ngoja jiko lizimwe. Mpishi naye ajibu kwa dakika, "tano" au "kumi", au aseme "imeisha". "Inakuja" si jibu, inakupeleka kwa mteja ukaonekane mwongo. Na kabla ya mlango kufunguliwa, ingia jikoni uulize kipi kimepungua, usije ukamsifia mtu kuku wa kupaka aliyebaki mapaja mawili.

Nawe pia ule, tafadhali. Mtu anabeba sinia za pilau saa saba mchana naye tangu alfajiri ana chai ya rangi tumboni, halafu tunashangaa kwa nini ana hasira za karibu. Mahamri na mbaazi kabla ya shifti, na chupa yako ya maji mahali unapoifikia. Wapo wanaotegemea muguka, yale majani ya kutafuna, wakeshe. Shifti ikiisha usingizi nao unagoma.

Sasa pesa, maana hapa ndipo moyo unapochafuka kabisa. Mteja katoroka bila kulipa, mwisho wa mwezi unakuta umekatwa wewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimpi mwajiri uhuru huo wote. Mali ikiharibika au kupotea, anaweza kukukata kiasi cha haki ikiwa ulifanya kusudi. Upungufu wa pesa hukatwa yule ambaye mkataba wake umemkabidhi pesa waziwazi, tena kwa uzembe au udanganyifu wake. Sheria hiyo hiyo inakupa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila baada ya miezi 12.

Ila usiitaje sheria Ijumaa mchana mbele ya watu. Nenda kwa meneja asubuhi ya Jumanne, kukiwa kimya, mkiwa wawili au watatu, na daftari lenye tarehe na kiasi ulichokatwa. Akikataa kabisa, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, KUDHEIHA, kipo kwa ajili hiyo, na ofisi ya leba, yaani ya serikali ya mambo ya kazi, pia ipo.

Kwa masupavaiza wenzangu nina ombi moja. Acheni kubadilisha zamu usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp. Mtu yuko kwenye feri ya Likoni akirudi kwa wanawe, simu inalia, "kesho uje saa kumi na mbili." Mimi ratiba ya wiki naibandika ukutani mapema, na anayetaka kubadilishana atafute mwenzake, kisha waniambie wote wawili.