Waulize Mafundi: Betri ya mota ya boti

SWALI: Nina boti ya faiba ya mita 4 hapa Ziwa Naivasha, ya kutembezea wageni wawili watatu. Mota ni ya umeme, volti 12, msukumo wa pauni 55. Betri mpya ya gari, Ah 70 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), haikumaliza miezi minne. Fundi anasema niongeze ya pili kama hiyo. Nimsikilize?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Hapana, utazika mbili. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta (jenereta ya injini) irudishe. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukizikamua kila siku, unga wake hudondoka na salfeti (chumvi ya risasi) hugandia zilizobaki.

Mota yako ikiwa kasi ya mwisho hula karibu ampea 50. Usidhani Ah 100 itakupa saa mbili. Betri ya risasi ya ukubwa huo kwa kawaida hupimwa ikitoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa ampea 50 unapata Ah 60 hivi, na ikitakiwa kudumu isishuke chini ya nusu. Basi hesabu nusu saa na ushee. Ukienda polepole ulaji hushuka sana, mradi mota iwe na kidhibiti cha kielektroniki. Zile za swichi ya hatua tano huchoma sehemu ya umeme kuwa joto tu.

Kwa boti inayofanya kazi kila siku, sisi tungenunua lithiamu yenye maandishi LiFePO4, Ah 100, ambayo saketi yake ya ulinzi inahimili ampea 100 mfululizo. Ina uzito wa kilo 11 hadi 13. Ya risasi hukaribia 30. Kwa lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji, na hustahimili mizunguko 2,000 ya kujazwa na kutumiwa au zaidi. Betri ya sola ya risasi ikitumiwa nusu nusu hutoa kama 300 hadi 500. Bei ya lithiamu inauma, lakini anayetoka wikendi pekee ndiye atosheke na risasi.

Chaja iwe ya lithiamu, volti 14.4 hivi. Chaja ya risasi yenye hatua ya kuondoa salfeti hupanda kupita 15, na hiyo si salama kwa lithiamu. Ukibaki na risasi, ichaji jioni ileile.

Voltimita itakudanganya: ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.2 imebaki nusu, ila lithiamu hukaa karibu 13 halafu hukata ghafla. Funga kipimo kinachohesabu Ah, na makasia yasikose. Kuzimikiwa karibu na viboko si mchezo.

Waya uwe wa milimita za mraba 16 ikiwa betri iko ndani ya mita 3, na fyuzi ya ampea 60 karibu na chanya. Waya mwembamba hupata moto, mota inalegea, lawama anapewa betri.

SWALI: Naweza kuunga betri mpya na ya zamani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: La. Ya zamani huivuta mpya chini. Ziwe aina moja, Ah sawa, umri mmoja, zote zimejaa kabla ya kuungwa. Unga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha chukua chanya ya mota kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili ili zichoke sawasawa. Ukiunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, utapata volti 24 na mota ya 12 itaungua.