Al Hamra haitaki haraka, mie niliikimbia ikaniumbua

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dubai kaniandikia, anataka kuja Oman na watoto na mama yake, waende Al Hamra, ule mji wa zamani wa milimani, siku moja. Kanipa na orodha: mlima wa Jebel Shams, kijiji cha Misfat, pango la Al Hoota, nyumba za udongo, halafu washukie kijiji cha Bilad Sayt warudi Muscat usiku. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika. Orodha ile ile! Ndo niliyoiandika mie nilipoanza biashara yangu ya kupeleka Waswahili wenzangu milimani.

Najua na nyie mnaosoma hapa wengi mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo kaeni niwape.

Nilikodi kosta, watu 14, rial 12 kwa kichwa, picha nzuri nikazitupia mitandaoni. Nikachagua Ijumaa kwa kuwa ndo sikukuu, akili yangu hiyo. Tukachelewa kutoka, kuna shangazi mmoja hina yake ilikuwa haijakauka, sitasema mengi. Muscat mpaka Al Hamra ni kama kilomita 200, unapita Nizwa, sasa sie tunafika ndo watu wako msikitini, milango imefungwa, vichochoro kimya, jua la utosi. Wageni wangu wanazunguka kwenye kuta za udongo zilizomomonyoka, na shangazi kwa sauti: "Ndo magofu haya umetutoa nyumbani?"

Kauli ile bado ninayo kifuani, wallahi.

Na kumbe si magofu tu. Zile nyumba zimesimama karne kadhaa, ghorofa mbili, tatu, juu ya jabali, na dari zake ni boriti za mitende zimefunikwa makuti na udongo. Mtu wa Unguja akinyanyua macho ndani anajikuta nyumbani, ila boriti zetu ni za mikoko. Moja wameifanya makumbusho, Bait al Safah, akina mama wanakusagia kahawa na kukuchomea mkate mwembamba juu ya bati la moto. Mie siku ile sikuwa na habari hizo, nilikuwa na orodha tu.

Basi nikawakimbiza kwenda Jebel Shams. Ule mlima unafika kama mita 3,000, mrefu kuliko yote Oman, lakini kileleni kabisa ni pa jeshi, watalii wanaishia uwandani ambako unasimama ukingoni unachungulia bonde la Wadi Ghul mpaka magoti yanalegea. Wakati ule juu huko kulikuwa na kipande cha changarawe, na dereva kufika hapo akazima gari akasema kosta yake haendi. Tukageuza. Hawakuliona bonde, pango hawakuliona, Misfat wameiona kwenye kibao cha barabarani. Usiku shangazi katuma voice note ya dakika nne kwenye grupu la familia, neno "tapeli" limo mara tatu, nimehesabu.

Nililia, kisha nikakaa miezi simpeleki mtu. Halafu siku moja nikapanda peke yangu Misfat, nikalala huko. Misfat al Abriyyin ndo kile kijiji ambacho mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye vijiji bora vya utalii duniani, na kiko dakika chache tu juu ya mji wa Al Hamra. Alfajiri nimekaa kando ya falaji, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya mitende, akaja mzee kunisalimia kwa Kiarabu, nikajibu kwa shida, akanitazama. "Mwanangu, wewe wa Unguja?" Kiswahili safi! Alikuwa huko utotoni. Babu yule ndo kanifungulia Al Hamra. Kanieleza maji yanavyoenda kwa zamu: kwanza ya kunywa, kisha ya msikitini na kuogea, mwisho mashamba, na kila mwenye shamba ana muda wake, fungu moja wanaliita athar, kama nusu saa, zamani wakipima kwa kivuli mchana na nyota usiku. Akasema hapa hata maji hayaharakishwi, nikaona kama kanitazama mie hasa.

Sasa nyie mnaona ushauri wangu unakoelekea. Toka mapema. Saa kumi na moja alfajiri gari iwe inaondoka, anayesubiri hina asubiriwe na hina yake. Chagua sehemu mbili tu kwa siku, Misfat na nyumba za udongo, au Jebel Shams na pango. Pango lina kijitreni na samaki wasio na macho, watoto wanapenda, ila kabla ya kupiga picha ndani uliza kwanza. Bilad Sayt bila gari ya fowili na dereva anayeijua ile njia, dada yangu, usithubutu na mama mtu mzima. Misfat watu wanaishi, jifunike, usiingize miguu kwenye falaji ya wenyewe. Na toka mapema, nimesema?

Tatizo letu tunataka picha kumi za sehemu kumi ili fulani aone tumefika. Umefika wapi, na hata kahawa ya mwenyeji hukuinywa? Acheni hizo jamani.

Mwezi jana nimepeleka watu 11, sehemu mbili, tumelala, wamerudi wanachekelea, wawili wamelipia tena.

Na juzi shangazi wa voice note kaniandikia, anauliza kama kuna nafasi. Sijamjibu bado. Nafasi ipo, ila kwake si rial 12 tena.