Taichi miaka tisa, kisha vyuma nikiwa na miaka 61

Mkuu, umesema una miaka 58, unafanya taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, karibu kila asubuhi, na mwanao anakusukuma uanze vyuma vizito. Unauliza kama taichi peke yake inatosha kukutunzia nguvu uzeeni. Kwa niliyoyapitia, haitoshi. Ila usije ukaiacha.

Nilifanya taichi miaka tisa bila kugusa chuma, ule mtindo mfupi wa mikao 24 uliotungwa China mwaka 1956. Faida yake ipo miguuni. Unaweka kisigino, unasikiliza, unyayo unatulia, ndipo uzito unahama. Siku moja nilikanyaga sakafu yenye maji, mguu wa kulia ukakimbia. Kabla sijafikiri lolote, nilikuwa nimeshashuka magoti na uzito wote uko kushoto. Sikuanguka. Kwa umri wetu, kuvunjika nyonga si jambo dogo, kwa hiyo hilo tu lilinilipa miaka yote ile.

Sasa sikia upande wa pili. Nikiwa na miaka 61 nilikaa chini kukaza bomba la sinki. Kazi ilipokwisha, nikashindwa kuinuka. Mapaja yalitetemeka, ikabidi nishike ukingo wa sinki nijivute kwa mikono. Iliniuma sana, maana nilijiona mtu wa mazoezi.

Baadaye nilielewa. Katika taichi mzigo ni mwili wako, na mwili hauongezeki uzito kila wiki. Misuli ikishauzoea mzigo, haina sababu ya kuongeza nguvu. Tena zile nyuzi za misuli zenye kasi, ambazo umri huzipunguza kuliko nyingine, huamka pale mzigo unapokuwa mzito au mwendo unapokuwa wa ghafla. Mwendo wa polepole hauzifikii vya kutosha.

Wala usiseme umechelewa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wazee 10 dhaifu, wa umri wa miaka 90 hivi, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu zao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174.

Mimi nilianza na fimbo ya mbao, kisha chuma kitupu cha kilo 20, yaani fimbo ya chuma isiyowekwa uzito pembeni, mara mbili kwa wiki, seti tatu za marudio matano. Mwezi wa pili nikawa na haraka, nikaongeza kilo 10 kwa mpigo, mgongo ukakaza siku nne. Tangu hapo naongeza kilo moja au mbili, na mgongo ukianza kupinda naweka chini. Kama una presha, muone daktari kwanza, na usibane pumzi unaponyanyua. Taichi itakusaidia hapo: ile tabia ya kusukuma ardhi kwa nyayo ndiyo hiyo hiyo inayoinua chuma.

Leo nina miaka 66. Jumatatu na Alhamisi ni vyuma, siku nyingine taichi.

Usiku huu kaa sakafuni, uinuke bila kushika kitu. Ukiweza, tafuta mkufunzi uanze na chuma kitupu. Ukishindwa, anza na kiti: kaa na uinuke mara tano, mikono kifuani, mpaka iwe rahisi, ndipo ushike uzito.