Kwa Wanaoanza Kazi ya Misaada Baada ya Kimbunga: Niliyojifunza Sofala na Cabo Delgado

Wenzangu mnaoingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza, wengi wenu mmetoka vyuoni na wengine mmehamishwa kutoka miradi ya kilimo au ya afya iliyokuwa ikienda kwa utaratibu wake. Ninayoandika hapa yametokana na vimbunga viwili vilivyoipiga Msumbiji mwaka 2019, Idai katika mkoa wa Sofala na Kenneth katika mkoa wa Cabo Delgado, na nimeyachagua kwa kigezo kimoja: ni mambo ambayo mgeni huyaona kuwa ni kazi ya karani tu, ilhali ndiyo yanayoamua kama msaada utamfikia mwenye shida au utaishia ghalani.

Kwanza ujueni mwendo wa maji. Idai kilifika nchi kavu karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kwa upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa, na picha zilizosambaa duniani zilikuwa za mapaa ya Beira yaliyong'olewa. Hata hivyo, balaa liliendelea siku kadhaa baada ya upepo kutulia, kwa kuwa mvua iliyonyesha bara, pamoja na ile ya milima ya Zimbabwe ambako wilaya ya Chimanimani iliporomokewa na udongo na mawe, iliteremka kwa mito ya Buzi na Pungwe na kuyafunika mashamba na vijiji vya tambarare. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600, na ukiziongeza Zimbabwe na Malawi idadi inavuka 1,000. Kituo cha uratibu wa shughuli za dharura kiliwekwa kwenye uwanja wa ndege wa Beira, nao ulikuwa uamuzi wa busara, ila ulikuwa na kasoro yake: mahali penye uwanja wa ndege, hoteli na mtandao wa simu ndipo tathmini hufanyika mara nyingi zaidi, na kijiji ambacho hakijatathminiwa huonekana kwenye jedwali kana kwamba hakina shida. Mkipewa ramani ya mahitaji, ulizeni ni maeneo gani hayajafikiwa kabla ya kuuliza ni maeneo gani yameathirika sana.

Sasa nije kwenye orodha ya majina, jambo ambalo nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo lililoniletea usumbufu kuliko mengine yote. Mgao wa chakula, maturubai au vocha huanzia kwenye orodha, na orodha huanzia kwa kiongozi wa mtaa au chifu, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua watu wake. Hakuna njia ya kumkwepa, wala haifai kumkwepa, lakini haifai pia kumwachia peke yake. Mwezi Aprili 2019 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wanawake wa Msumbiji waliosema kwamba baadhi ya viongozi wa maeneo yao waliwadai ngono ili wapewe chakula cha msaada. Anayegawa kwa orodha aliyoletewa, bila kuihakiki, huwa amempa mtu mmoja funguo za tumbo la kijiji kizima.

Kuhakiki si kazi ngumu ikifanywa mapema. Orodha isomwe hadharani, kisha ibandikwe mahali ambapo watu hupita, na iwepo njia ya kulalamika isiyopitia kwa kiongozi yuleyule, ikiwezekana kwa mwanamke atakayewasikiliza wanawake wenzake faraghani. Kaeni pia mezani wakati majina yanapoitwa, mwone yanayotokea. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yetu na mtoto mgongoni, akaambiwa kaya yake imekwisha kuchukua. Kumbe aliyechukua ni mume wake, ambaye alikuwa ameandikishwa kama mkuu wa kaya moja huku akiwa na wake wawili katika nyumba mbili zilizo mbali, na mgao mzima ulikuwa umekwenda nyumba ya kwanza. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu, na karani aliijaza sawasawa. Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza kwamba tuandikishe chungu kinachopikwa, yaani kila jiko linalojitegemea lihesabiwe kama kaya, na jina la mama liandikwe palepale pamoja na la baba. Wengi walikuwa wamepoteza vitambulisho kwenye maji, hivyo kudai kitambulisho kama sharti ni kuwaadhibu walioathirika zaidi. Ushahidi wa majirani wawili au watatu unatosha. Na msisahau kalenda ya siasa. Msumbiji ilifanya uchaguzi mkuu Oktoba 2019, na katika mwaka wa uchaguzi mtu yeyote anayeandika majina kijijini hutiliwa shaka, kwa hiyo elezeni mapema, kwa lugha ya wenyeji, orodha ni ya nini na itakaa wapi.

Kuhusu lugha nitasema kwa kifupi. Kireno kitawapitisha maofisini, lakini Sofala mtahitaji wakalimani wa Kisena na Kindau. Cabo Delgado, ambako Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili baada ya kupitia Komoro, wasemaji wa Kiswahili tulikuwa na nafuu, kwani Kimwani cha kisiwa cha Ibo na pwani ya jirani kina undugu wa karibu na lugha yetu. Nafuu hiyo isiwafanye mjione wenyeji.

Kipindupindu kinahitaji kasi, na hapo Beira ilionyesha mfano mzuri. Mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Machi, na chanjo ya matone ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili, ikawafikia watu zaidi ya 800,000. Wagonjwa walikuwa maelfu lakini vifo vilihesabika kwa vidole. Nyinyi ambao si wauguzi mtakumbana zaidi na hesabu za maji na vyoo, nazo zikaririni: lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20 pindi kambi inapotulia. Hesabu hizo hazisemi choo kiko wapi, kwa hiyo nendeni mkaitazame njia ya chooni usiku.

Kalenda ya kilimo ni jambo ambalo watu wa mjini hulipuuza. Idai kilikuja mahindi yakiwa karibu kuvunwa, kikaharibu zaidi ya hekta 700,000 za mazao. Mkulima wa Sofala ana msimu wa pili, mdogo, anaoupanda kuanzia Aprili kwenye mabonde yenye unyevu, na mafuriko yenyewe yalikuwa yameyaachia mabonde hayo unyevu wa kutosha. Mbegu za maharage, za mboga na za mahindi yanayokomaa upesi, zikifika na jembe ndani ya dirisha hilo, huokoa miezi mingi ya kupanga foleni. Zikichelewa kwa sababu ya zabuni na mihuri, zitaliwa, na anayezila hana kosa. Ninaposikia mtu akisema mbegu zisubiri awamu ya ujenzi mpya, huwa nashuku kwamba hajawahi kulima. Miezi michache baadaye Sofala ilipata wagonjwa wa pelagra, ugonjwa unaowapata watu wanaoishi kwa unga wa mahindi bila chakula kingine cha maana, na hilo ni onyo kwa wanaodhani kwamba gunia la unga likishafika, suala la chakula limekwisha.

Kuhusu nguo za mitumba zinazochangwa kwa moyo safi na watu wa mbali, wajibuni kwa adabu kwamba fedha zinafaa zaidi. Soko likishafunguliwa, vocha au fedha kwa simu humwezesha mama kununua sufuria anayoihitaji badala ya kupokea blanketi la tatu.

Ujenzi nao unaanzia kwenye msumari. Nilimtazama mzee mmoja, fundi wa Macomia huko Cabo Delgado, akiokota misumari ya bati kwenye kifusi cha nyumba yake, akiinyoosha mmoja mmoja kwa jiwe na kuipanga kwenye kopo kwa ukubwa wake. Bati zake alikuwa nazo karibu zote, zimekunjamana lakini hazijachanika. Zilikuwa zimeng'oka kwa sababu zilishikwa na misumari michache iliyoingia kwenye papi nyembamba, yaani mbao zinazopigiliwa bati, na papi zenyewe zilikuwa zimelazwa juu ya ukuta bila kufungwa na chochote. Upepo wa kimbunga hulinyanyua paa kutoka chini, hasa pembeni na kwenye kona. Kwa hiyo misumari iwekwe karibu karibu kwenye kingo za paa, kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa ukanda wa chuma au waya uliokunjwa mara mbili hadi kwenye boriti ya juu ya ukuta, na boriti ifungwe kwenye nguzo zilizochimbiwa vizuri. Paa la baraza lijengwe peke yake, ili likichukuliwa lisiende na paa la nyumba. Paa lenye miteremko minne hustahimili kuliko lenye miwili. Yule mzee nilipomweleza habari ya ukanda wa chuma alijibu kwa upole kwamba anaujua tangu ujana wake, ila bei yake ilikuwa sawa na unga wa siku kadhaa. Ndiyo maana nawaomba muwashirikishe mafundi wa pale tangu siku ya kwanza ya kupanga vifurushi vya ujenzi: watawaambia kinachokosekana, na mara nyingi si turubai bali ni waya, misumari na ukanda. Haya si mambo ya mara moja. Kimbunga Eloise kilifika Beira Januari 2021, Freddy kikapiga Msumbiji mara mbili mwaka 2023, na Chido kikaingia Mecúfi, Cabo Delgado, Desemba 2024.

Mtashawishika kuwahamisha watu wa mabondeni kwenda nyanda za juu, na serikali itawaunga mkono, kama ilivyofanya ilipofungua makazi ya Guara-Guara wilayani Buzi na Mandruzi wilayani Dondo. Hatua hiyo huokoa maisha, lakini bonde lililofurika ndilo shamba. Watu hulala juu na kulima chini, wengine hujenga vibanda shambani msimu wa kazi unapofika, na mvua kubwa inayofuata huwakuta hukohuko. Kabla hamjasaini kwamba eneo la makazi mapya limekamilika, tembeeni kwa miguu na familia moja kutoka mlango wa nyumba mpya hadi shambani kwao, mkiwa na jembe na mtoto wa kubebwa, kisha mkaulize halmashauri ni nani atakayewapa watu wa mabondeni taarifa ya mafuriko, kwa njia gani, na saa ngapi kabla maji hayajafika.