Kuunga Saketi Bila Kulehemu: Maswali Yenu

Swali: Nimechomeka taa ya LED na rezista (kijenzi cha kupunguza mkondo) kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi, lakini haiwaki. Betri ni mpya.

Jibu: Geuza LED kwanza: mguu mrefu uelekee chanya. Ikigoma bado, kagua matundu. Kila safu fupi ya matundu matano imeunganishwa chini kwa bati moja, kwa hiyo ukichomeka miguu yote miwili ya LED katika safu hiyo, umeme unapita pembeni na taa haiambulii kitu. Kosa hili ni la kila siku. Bodi ndefu zina mtego mwingine: laini za pembeni, zile zenye michoro ya nyekundu na bluu, mara nyingine zimekatika katikati. Ukiona mchoro umeacha nafasi, ziunge kwa kipande cha waya.

Swali: Kusokota waya na kufunga tepu hakutoshi?

Jibu: Kwa kujaribu, kunatosha. Kwa kifaa cha kudumu, hapana. Shaba hufanya utando na tepu hulegea kwa joto. Tumia konekta ya skrubu. Na tafadhali, waya wa nyuzinyuzi usiutie risasi ya kulehemu kabla ya kuubana. Wengi hudhani wanauimarisha, kumbe risasi ni laini: hubonyea taratibu chini ya skrubu, kiungo kikalegea na kuanza kupata moto.

Swali: Ipo njia ya kuaminika kwa miaka mingi?

Jibu: Ipo, nami naipenda kuliko zote: kuzungushia waya kwenye pini. Pini huwa ya mraba, waya mwembamba wa kama milimita 0.25, na kifaa maalumu huuzungusha mara saba hivi ukiwa umekazwa. Kona kali za pini huuma waya, na pale zilipouma hewa haipenyi, basi kutu haina pa kuanzia. Moduli za kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini mwaka 1969 ziliunganishwa hivyo. Pini ikiwa ya mviringo usijisumbue, haina kona.

Swali: Supaglu je?

Jibu: Inashika, ila haipitishi umeme. Ipo gundi yenye unga wa fedha. Ni ghali, na hufaa pale joto la kulehemu lingeharibu kitu.

Swali: Naweza kupitisha umeme wa ukutani kwenye bredibodi?

Jibu: Usithubutu. Vibanio vyake ni vyembamba, na miguu ya vijenzi iko wazi kwa juu, hapo hapo vidole vinapopita. Baki na volti za betri, na mkondo usizidi takriban ampea 1.