Je, gesi ya kiyoyozi hujazwa kila baada ya muda gani?

Swali: Kiyoyozi cha chumbani kwangu kina miaka minne. Kila mwaka fundi huniambia kwamba gesi imepungua, akaijaza, nami nikalipa. Je, hiyo ni huduma ya kawaida?

Jibu: La, si huduma ya kawaida, wala hakuna muda uliowekwa wa kujaza gesi. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli katika injini. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huisukuma, hugeuka kimiminika katika mashine ya nje, huwa mvuke tena katika koili ya ndani huku ikifyonza joto la chumba, kisha hurudi ilikotoka, na mzunguko huo unaweza kuendelea kwa miaka kumi na zaidi bila kuongezwa hata gramu moja.

Kwa hiyo, ikiwa kweli gesi yako imepungua, inavuja. Nasema “ikiwa kweli” kwa sababu chujio lililoziba vumbi nalo hupunguza ubaridi na kugandisha barafu kwenye koili. Lisafishe kwanza kabla ya kumwita fundi.

Tazama pia nati zinazounganisha mabomba na mashine ya nje. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, hivyo panapovuja mara nyingi hubaki doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi akipaka hapo povu la sabuni, viputo vitamwonyesha tundu. Pasipoonekana kitu, ajaze naitrojeni kavu na kuangalia kama presha inashuka.

Mvujo ukishazibwa, mabomba yanyonywe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, kisha gesi ipimwe kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kwa R-410A, aina ya gesi ya kiyoyozi ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, hili ni la lazima, na iingizwe ikiwa kimiminika.

Kuongeza gesi bila kuziba tundu kunaniudhi sana, kwani kompresa hupozwa na gesi inayorudi, na ikipungua kompresa huchemka hadi kuungua. Tena, kilo moja ya R-410A ikitoroka hupasha dunia joto kama zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi katika miaka 100. Safari ijayo, kabla mtungi haujafunguliwa, mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako mahali panapovuja.